Mwambie Zena Aanike Godoro

Binti yangu Mutheu anahamia Kanada na mumewe na watoto wao wawili, na tangu habari hiyo ienee, nyumba yangu ya Syokimau imekuwa kama kilinge cha waganga: kila anayeingia ana dawa yake. Mmoja anasema wabebe unga wa ugali kwa sababu wa huko hauna ladha. Mwingine, ambaye amewahi kuishi huko, anasema unga umejaa madukani na wasijichoshe na mizigo. Kuna anayewakataza kununua makoti hapa, eti yatawaaibisha, na kuna anayeapa kwamba wakitua bila makoti watoto watakohoa kabla hawajaona nyumba. Wakae karibu na Wakenya wenzao. Wawakimbie Wakenya wenzao kama ukoma. Jumapili moja Mutheu alinigeukia nikiwa jikoni nageuza chapati, akasema, “Mum, kati ya hawa wote, wewe ndiwe ulihamishwa nchi ukiwa msichana. Mbona hutuambii kitu?” Nikamwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nimefikiria kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila nikidhani nimeuelewa mwaka ule, unaniponyoka.

Na huenda ningeendelea kunyamaza kama si msiba. Mwezi wa baridi uliopita tulimzika mama yangu kwao baba, Mwala, kando ya baba mwenyewe aliyemtangulia. Mama alikuwa amefia Gaborone, mji wa Botswana aliokaa hata watu wa huko wakawa wanamwita kwa lugha yao. Baada ya mazishi nilikwenda Machakos mjini kumwona Bi Zena, rafiki yake wa zamani, ambaye magoti yalimzuia kuja makaburini. Nilikwenda kumpa pole na kupewa pole, basi. Nilirudi na mzigo kwenye pikapu. Lakini huo mzigo hauna maana mpaka nieleze mwaka ule wa mwanzo wa miaka ya tisini, nilipokuwa kidato cha pili, tunaishi Mumbuni, kando ya mji wa Machakos, katika nyumba ambayo kila mwezi ilipungukiwa na kitu.

Baba alikuwa ametangulia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na wakati huo walimu wa kwetu walikuwa wakichukuliwa Botswana kufundisha, mmoja akienda anamvuta mwenzake. Mpango ulikuwa rahisi ukisimuliwa: aende, apewe nyumba ya mwalimu, kisha mama, mimi na mdogo wangu Kioko tumfuate shule zikifungwa mwezi wa nne. Ukawa mpango wa mtaa mzima. Sebuleni kwetu, penye viti vya vitambaa vya kufuma na kalenda ya kanisa, watu walikuja kutufundisha namna ya kuhama. Mwenzake mama wa kwaya alimwambia ashone yunifomu za watoto huku huku kwa sababu mafundi wa kule hawajui kupiga pindo. Mwingine alisema asibebe hata gauni, kwa sababu nguo za mtu wa nje humfanya auziwe kila kitu kwa bei ya mgeni. Mchungaji alitushauri tubebe udongo wa nyumbani kidogo, halafu akafikiri, akasema tusibebe, huenda ukawa ushirikina. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, akiwajazia vikombe, akisema “ni kweli” kwa kila mmoja. Mimi nilikaa mlangoni nikijaribu kujua tutavaa nini, na mpaka leo nikisikia watu wanashauriana juu ya safari nasikia harufu ya chai ya tangawizi na kichwa kinaanza kuniuma.

Mshauri mkuu alikuwa Baba Mkubwa Mutua, kaka mkubwa wa baba, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi Zambia na Zambia inapakana na Botswana. Yeye ndiye aliyesema lazima tuagwe mapema. Alisema anayengoja tarehe ya safari ndipo aage huishia kuondoka kama mwizi, bila baraka, na safari ya aina hiyo huwa haina kurudi. Kwa hiyo tuliagwa mwezi wa tatu, bila tarehe. Mbuzi alichinjwa, wamama wa kanisa wakaimba, na Baba Mkubwa akapiga funda la maji, akatupulizia vifuani sisi watatu, mmoja mmoja, mpaka blauzi yangu ya shule ikalowa. Kisha vyombo vikagawiwa. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyofanya: ukihama mbali huuzi vitu vya nyumbani, ni aibu, unawapa waliokula nawe ili wakukumbuke. Sofa zilikwenda Mwala kwa Baba Mkubwa. Masufuria, jiko, kabati, sahani za Krismasi, meza tuliyofanyia kazi za shule, vyote vilitoka mlangoni kwa nyimbo. Jioni ile Kioko alipiga kelele sebuleni ili asikie sauti inavyomrudia.

Mwezi wa nne baba akapiga simu kusema nyumba yake haijawa tayari. Simu yetu ilikuwa ya Bi Zena, yaani ya duka la vitambaa la mumewe pale mjini. Baba alipiga Jumamosi alasiri, na sisi tulikaa juu ya majora ya kitambaa tukingoja ilie. Bi Zena alizaliwa Mombasa na kuolewa Machakos, mwanamke mrefu mwenye kauli za kukata, na urafiki wake na mama ulianzia kwenye kununua shumizi kwa kubishana. Alikuwa na desturi ya kuufunga mlango wa duka baba alipopiga, ili mama aongee bila wateja kumsikiliza. Mimi na Kioko tulisikia upande mmoja tu. Mwezi ujao, baba alisema. Mwezi uliofuata akasema mwezi ujao. Bi Zena alitupa mahamri tukiwa tunarudi, na hakutushauri kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Wala usidhani kukawia safari ni kukawia tu. Kwa watu walioagwa, ni fedheha ya aina yake. Mtu aliyepuliziwa baraka anatakiwa awe ameenda. Watu waliokutana na mama sokoni walishtuka kidogo, wakasema, “Kumbe bado uko,” na mama akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kabla. Baadaye akawa anapita njia za nyuma ya nyumba. Kanisani alihama kutoka kiti cha mbele. Nyumbani tulibaki na mkeka, magodoro mawili, kitanda kikubwa cha mama na baba, kitanda changu cha chuma cha rangi ya kijani, ambacho hakuna aliyekichukua siku ile, na sufuria moja iliyobonyea tako ambayo kila mama alikuwa ameikataa. Sufuria hiyo ilipika yote: asubuhi chai, mchana ugali, jioni muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na maharagwe. Chai yetu ya mwaka ule ilikuwa na ladha ya maharagwe, na maharagwe yakawa na utamu wa mbali wa sukari. Walipokuja wageni, mama alikwenda kwa mwenzake wa kwaya kuazima sufuria yake mwenyewe. Nilimsikia akimwahidi kwamba atairudisha jioni ikiwa safi. Na tulipokwenda Mwala, Baba Mkubwa alitukaribisha tukae kwenye sofa zetu, akatuonya tusimwage chai.

Huko Mwala ndiko nilikosikia neno lililoniharibia mwaka. Nilikuwa nje, nikijaribu kumtengeneza ng’ombe wa plastiki wa Kioko aliyekatika mguu, na wakubwa walikuwa ndani. Baba Mkubwa alikuwa akimweleza mama kwamba nyumba haifungwi yote. Ukienda na watoto wote, alisema, umeuzima moto, na aliyeuzima moto hana sababu ya kurudi. Mmoja abaki. Akasema Ndinda ni mkubwa, masomo ya kule ni tofauti, watamrudisha darasa la chini na atakosa mtihani, kwa hiyo kwa heshima na kwa akili pia, Ndinda ndiye wa kubaki. Ndinda ni mimi. Nilingoja mama akatae. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni, kisha mama akasema, “Ni kweli,” kama alivyomwambia yule wa yunifomu na yule wa udongo. Sikujua kama ni kweli ile ya adabu au ni kweli yenyewe. Njia nzima ya kurudi Mumbuni nilimtazama usoni nikitafuta tofauti.

Basi nikaanza kuchunguza kila kitu, na kila kitu kikawa na maana mbili. Mama aliponifumia sweta nzito niliona nakwenda, maana kule kuna baridi mwezi wa sita. Alipomfumia Kioko pia na akasema hata Machakos kuna baridi, nikaona nabaki. Alipokwenda shuleni kuongea na mwalimu mkuu, sikujua amekwenda kunitoa au kunilipia nafasi ya kukaa bweni. Nilimuuliza kwa kuzunguka: nitahitaji viatu vipya? Akajibu kwamba kila mtu huhitaji viatu. Sasa nikiwa mama mwenyewe ninajua kuna nyakati mzazi hana jibu na hawezi kusema hana. Lakini wakati ule niliamini watu wazima huwa wana jibu na wanakuficha tu, na hasira yangu yote ilitoka hapo. Niliogopa sana. Sikuogopa kubaki Machakos, mji nilioupenda na vilima vyake vya ukungu. Niliogopa kubaki kama sofa, kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mimi nikiwa nje.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Simu ililia, mlango wa duka ukafungwa, na mama akaongea na baba akiwa amesimama. Mara hii hawakuongea sana. Mama aliuliza kama nyumba imekwisha. Akanyamaza. Akauliza, “Nani huyo anaongea hapo?” Akanyamaza tena, kisha akasema taratibu, “Aa. Redio. Sawa.” Akanipa simu nimsalimu baba, na baba akaniuliza hesabu zinaendaje, nikasema zinaenda. Nilipogeuka, mama alikuwa amekaa juu ya jora la satini, akiwa ameshika ukingo wa kitambaa kama mteja anayetaka kununua, na Bi Zena alikuwa amesimama karibu naye. Mimi na Kioko tulitumwa nyumbani mbele. Mama alirudi jioni macho yakiwa mazito, akapika muthokoi ikaungua, tukaila hivyo hivyo.

Wiki hiyo hiyo nilirudi kutoka shuleni nikakuta kitanda changu hakipo. Mama alisema tu kwamba kimeondoka, nikalala na wao wawili kwenye kile kikubwa, nikidhani nacho kimegawiwa. Baada ya siku chache alinituma kwa Bi Zena kuomba uzi. Bi Zena akaniambia niufuate mwenyewe chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia majora. Nikasukuma mlango, na kitanda changu kilikuwa pale chini ya dirisha, nikakitambua kwa rangi na kwa herufi N niliyoikwaruza kwenye chuma kwa bikari ya hesabu. Kilikuwa kimetandikwa. Shuka safi, chandarua kimefungwa juu, na mto wenye foronya ya mama, ile aliyoidarizi mwenyewe maua mekundu. Nilikuwa nataka kukaa, lakini Bi Zena alikuwa mlangoni.

“Usikalie hapo, mwanangu. Hicho ni amana.”

Nikamwambia ni kitanda changu. Akasema kilikuwa changu. Vile vyombo vingine mama alivitoa, watu wakavichukua vikawa vyao, lakini hiki hakutoa, amekiweka. Kinachowekwa hakilaliwi na mtu wala hakiazimwi, na siku yoyote mwenyewe akija anakikuta kama alivyokiacha. Nilimuuliza kimewekwa cha nani. Bi Zena akanipa uzi, akasema nikamuulize mamangu. Sikuhitaji kuuliza. Kitanda changu, chumba kwa rafiki wa mama, karibu na shule. Foronya niliiona pia, lakini nilidhani mama ameniwekea ili nisimkose sana. Nilirudi Mumbuni nikilia waziwazi barabarani, na wenye maduka wakanipa pole, wakidhani nimefiwa.

Tangu hapo nilianza kujizoeza kubaki. Nilikwenda kwa Bi Zena mara kwa mara nikajifunza nyumba yake: wanavua viatu wapi, mbaazi zao za nazi zinapikwaje, adhana ikilia redio inazimwa. Nilijifunza kula pilipili. Bi Zena alinishangaa kidogo lakini hakunifukuza, na mama alifurahi kwamba nimepata pa kushinda. Kila aliyefurahi nilimhesabia kosa. Nakumbuka Kioko akinifundisha majina ya miji ya Botswana aliyoyapata kwenye atlasi, nami nikikataa kuyashika, kwa kuwa sikuona ya nini. Mwishowe sikuweza tena. Ilikuwa mchana, tumekaa mlangoni na uteo mmoja kati yetu, tunachambua mawe kwenye mahindi.

“Mwaitu,” nikamwita mama kwa Kikamba, “mimi ndiye nabaki?”

Mama aliacha kuchambua. “Nani amekuambia unabaki?”

“Baba Mkubwa alisema. Na kitanda changu nimekiona kwa Bi Zena.”

Uso wake ulibadilika, na hapo nikajiona nimekisia sawa. Alionekana kama mtu aliyekutwa anaoga. Alichukua jiwe dogo, akalitazama, akalitupa nje. Akasema kitanda ni chuma tu, hakimsemei mtu. Kisha akasema nisimwambie mtu yeyote kuhusu hicho kitanda, si Kioko, si Baba Mkubwa, na hasa nisimwambie baba nikipewa simu. Nikauliza kwa nini. “Kwa sababu nimekuomba,” akasema. Tukaendelea na mahindi. Nilikuwa nimeuliza swali moja nikapewa siri ya kitu nisichokijua, na nilikaa nayo hivyo, nikiiogopa.

Tarehe ilikuja mwezi wa kumi na mbili, ghafla kama ilivyokawia. Baba Mkubwa alifika na mkewe kutusindikiza, na hakukuwa na mbuzi wala wimbo, kwa sababu mtu haagwi mara mbili. Mabegi yalikuwa sebuleni. Nilikuwa nimepanga vitu vyangu kwenye sanduku la shule, nikaliweka kando karibu na ukuta ili nisimsumbue mtu. Mama alipita, akalibeba, akaliweka juu ya mengine. Baba Mkubwa alitazama sanduku, akatazama mama, akauliza kama Ndinda pia. Mama akasema, “Ndinda naenda na yeye. Nitashika mkono ya nani huko?” Baba Mkubwa akauliza, sasa nani anabaki? Mama akavaa skafu yake bila haraka, akamjibu kwamba kuna kitu kimebaki. Nilijaa furaha, na wakati huo huo nikamtazama Kioko kwa hofu, nikidhani basi ni yeye. Hata baada ya sisi sote watatu kukaa kwenye gari, na hata ndege ilipoinuka, niliendelea kuhesabu vichwa vyetu.

Baba alitupokea Gaborone akiwa amekonda, akacheka sana, akambeba Kioko begani ingawa Kioko alikuwa mzito. Nyumba ilikuwepo, ya matofali, yenye viti vitatu na sakafu nyekundu iliyong’arishwa. Ndani mlikuwa na joto la kukausha koo. Tulipoingia jikoni mama alisimama mbele ya dirisha. Palikuwa na mapazia, madogo, ya maua ya njano, yamekunjwa pindo kwa mkono kwa mshono mdogo na wa subira. Mimi nilisema ni mazuri. Baba alisema aliyakuta. Mama hakuuliza aliyakuta kwa nani wala lini. Alivua skafu, akapanda kwenye kiti, akayashusha, akayafua kwenye karai, akayaanika, na yalipokauka, dakika chache tu kwa jua lile, akayapandisha tena. Kisha akauliza unga uko wapi. Yalikaa pale mpaka yakafifia yakawa meupe, na sikuwahi kumsikia akiyataja.

Ndivyo tulivyohama. Ukinitaka ushauri wa vitendo kuhusu nchi ya watu, ninao kidogo, kama kila mtu: salimia majirani hata wasipoitikia mara ya kwanza, jifunze jina la mkate kabla ya jina la rais, usimwambie mtoto “kwetu” kila anapokosea. Mama aliyajua hayo bila kufundishwa. Alipata kazi ya kushona, akapata kanisa, akawa na marafiki, akazeeka. Mimi nilirudi Kenya kuolewa, Kioko akabaki huko. Lakini kila aliposikia mtu anasafiri kuja Kenya, mama alimpa ujumbe ule ule: akifika Machakos, amwambie Zena aanike godoro. Sisi tulicheka. Ukawa msemo wa nyumbani. Mtu akikawia kulala, tulimwambia godoro lake linaanikwa. Baba ndiye aliyecheka kuliko wote. Mimi mwenyewe nimepeleka ujumbe huo, nikasimama kaunta pale dukani, na Bi Zena akanijibu kwa uso mkavu nimwambie mamangu lilianikwa Jumatano. Sikuwahi kuingia tena chumba cha nyuma. Nilidhani ni utani wa wanawake wawili waliokuwa wakibishana bei ya shumizi.

Sasa, mwezi ule wa mazishi, Bi Zena alinipokea akiwa kitini, akaomba dua kwa ajili ya mama ingawa dini zao ni mbalimbali, akalia kidogo, akafuta uso kwa mtandio, kisha akaniambia nimwite kijana wa duka tutoe kitanda. Amana hurudi kwa mwenyewe, alisema, na mwenyewe akifa ni ya warithi, na yeye hataki kumkuta mama huko mbele akiwa bado anamshikia kitu. Nilimfuata akitembea polepole kwa fimbo yake. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha. Kimetandikwa. Lile godoro letu la sponji, alisema, liliisha likawa unga, akashonesha la sufi, na sufi yenyewe huwa anaifumua na kuichambua inaposhikana. Foronya ilikuwa ile ile, maua yamebaki rangi ya waridi. Nikamwambia, kwa mzaha, kwamba mwaka mzima nilijua hapa ndipo nitakapoachwa.

Bi Zena aligeuka. “Wewe? Nani alitaka kukuacha wewe? Kitanda hiki alikiweka mamako, cha kulala yeye.”

Akaketi ukingoni mwake, yeye aliyenikataza, akanieleza. Siku ile ya redio, baada ya sisi kutumwa nyumbani, mama alimwambia anakwenda kwa mtu asiyemjua tena. Kwa baba yake mzazi hangeweza kurudi na watoto na mabegi baada ya mbuzi na nyimbo, na kwa shemeji ndiyo kabisa. Wote walimshauri namna ya kwenda. Hakuna aliyemshauri namna ya kurudi. “Akaniambia, Zena, niwekee mahali pa kulala. Nisije nikakaa kule kwa sababu sina pa kurudi. Nikikaa, nikae kwa kupenda.” Nikamuuliza kwa nini alichukua kitanda changu na si kile chao kikubwa. Bi Zena akaniangalia kama mtoto mzito wa kufundishwa. “Kile cha wawili,” akasema, “angelala na nani?”

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa na bado limenikoroga. Sijui kama mama alikaa kwa kupenda. Sijui mapazia yalishonwa na nani, na baba hayupo wa kuulizwa, na alikuwa baba mwema kwangu, kwa hiyo sasa sijui nimweke wapi. Sijui kwa nini mama aliniacha mwaka mzima nikidhani ni mimi wa kubaki. Pengine hakuona kwamba nadhani hivyo, pengine alikuwa amezama kwenye hofu yake kama mimi nilivyozama kwenye yangu, tumekaa na uteo mmoja kati yetu. Nilijua nitakasirika na sikukasirika. Nilitamani tu angekuwa hai nimwambie kwamba godoro limeanikwa, na safari hii nijue ninachosema.

Kitanda nimekileta Syokimau. Nimekiweka chumba kidogo cha nyuma, nimekitandika, sijawaambia washauri. Jumapili iliyopita Mutheu alikuja amechoka, makoti na unga vikimzunguka kichwani, nikamshika mkono nikampeleka. Akauliza kama nimeanza kununua fanicha wakati wao wanahama.

“Sijanunua,” nikamwambia. “Kimewekwa. Ni chako.”

Alicheka, akauliza mumewe Musyoka na watoto watalala wapi. Nikasema watoto mtabanana nao. Musyoka ana kwao. Akaendelea kucheka kidogo, kisha akaacha. Akauliza taratibu kama kuna kitu yeye mwenyewe amewahi kuniambia. Nikasema hapana, hajaniambia kitu, na hana haja ya kuniambia. Mutheu alivua viatu. Alijilaza juu ya shuka akiwa na nguo zake zote, uso ukutani, upande wa herufi N, na mkono wake ukawa unalibonyeza godoro.

“Hii ni ya sufi,” akasema. “Inatunzwa aje?”

Nikamwambia huanikwa juani, na kwamba sitalianika mpaka atume neno.